Akili za Mitambo Kuukuu Zitunzwe

Kila inapozungumzwa habari ya viwanda vya Nyanda za Juu Kusini, macho ya wengi huelekea kwenye mambo yanayoonekana kwa mbali: paa refu, bomba la moshi, malori yaliyopanga foleni getini, na wafanyakazi wanaopokezana zamu. Ni wachache wanaokumbuka kabati la chuma lililosimama kimya nyuma ya ukuta, lenye taa ndogo ndogo na nyaya nyingi. Ndani ya kabati hilo ndimo ilimo akili inayouambia mtambo lini uzunguke, lini upunguze mwendo, lini ufungue maji na lini uzime moto. Akili hiyo ni kompyuta, na katika viwanda vilivyojengwa zamani, aghalabu ni kompyuta kuukuu.

Leo tunapenda kulizungumzia kabati hilo. Tunafanya hivyo kwa sababu tunaamini kwamba riziki ya wafanyakazi na wakulima wengi wa Mbeya na Iringa inategemea uzima wake, na kwamba hatujaupa utunzaji wake uzito unaostahili.

Kwanza tueleweshane. Kompyuta tunayoizungumzia si ile ya mezani ambayo karani huandikia barua. Ni kisanduku kigumu kilichotengenezwa kustahimili joto, vumbi na mtikisiko, na ambacho mafundi wetu hukiita PLC. Hapa tutakiita kidhibiti. Historia yake si ndefu. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilitafuta chombo kitakachochukua nafasi ya marundo ya rilei na nyaya zilizokuwa zikiongoza mitambo yake, na mwaka 1969 kampuni ya Modicon ikaleta kidhibiti cha namna hiyo. Mwaka 1979 Siemens ya Ujerumani ikatoa aina yake ya S5, na mwaka 1986 Allen-Bradley ya Marekani ikatoa PLC-5. Vidhibiti hivi vilienea duniani kote, na sifa yao kubwa ni kwamba havichoki upesi. Viko vilivyofanya kazi usiku na mchana kwa miaka 30 bila kulalamika.

Lakini hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mtambo wa karatasi, tanuri la saruji au mashine ya kuzalisha umeme kwa maji hujengwa ili utumike kwa miaka 40 au zaidi, maadam chuma chake kinatunzwa. Kompyuta inayouongoza huachwa na mtengenezaji wake kabla ya hapo. Katikati ya miaka ya 1990 Siemens ilikwisha kuleta aina nyingine ya kuirithi S5. Utengenezaji wa PLC-5 ulikoma mwaka 2017. Sony iliacha kutengeneza disketi mwaka 2011, ingawa duniani bado iko mitambo isiyojua njia nyingine ya kupokea maagizo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na programu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha vioo vya kuongozea mitambo katika viwanda vingi. Kwa hiyo hutokea hali ya ajabu: mwili wa mtambo bado una nguvu, lakini akili yake imekuwa yatima.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuwezi kulitazama jambo hili kama habari za mbali. Viwanda vyetu vikubwa ni matunda ya mipango ya miaka ya 1970 na 1980, wakati Taifa lilipokuwa likitekeleza Mkakati wa Viwanda vya Msingi uliopangwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1995. Kiwanda cha Karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichojengwa kwa uwezo wa kutoa tani 60,000 kwa mwaka, kilianza uzalishaji mwaka 1985. Mtera, kwenye Mto Ruaha Mkuu, mitambo ya umeme ya megawati 80 ilianza kazi mwaka 1988. Songwe kuna saruji, Mufindi kuna chai, na mpakani mwa Iringa na Morogoro kuna Kihansi yenye megawati 180, iliyoanza kutoa umeme miaka ya 1990 ikielekea kwisha. Tangu viwanda hivi vizinduliwe, vizazi kadhaa vya kompyuta vimezaliwa na kuzikwa. Chombo kilichokuwa kipya siku ya uzinduzi, leo fundi kijana huenda hajakiona hata katika kitabu.

Na tusidhani kwamba uzee wa kompyuta ni aibu. Mjini San Francisco, Marekani, mahali ambapo kompyuta zimezaliwa na kulelewa, mfumo wa kuongoza treni za mjini uliofungwa mwaka 1998 uliendelea kupokea maagizo yake kwa disketi kwa zaidi ya miaka 25. Mtu anayetumia mashine kuukuu anayoifahamu vizuri hana sababu ya kuinamisha kichwa. Aibu ni kuwa na mashine usiyoijua, ambayo siku ikinyamaza huna la kufanya ila kupiga simu ng'ambo na kusubiri.

Tuchukue mfano mmoja ili mkulima na mfanyakazi waone jambo hili linavyowagusa. Vidhibiti vingi vya zamani huhifadhi maagizo yake katika kumbukumbu inayotegemea umeme. Umeme ukikatika, betri ndogo iliyomo ndani ndiyo inayoilinda kumbukumbu hiyo isifutike. Betri hiyo huishi miaka michache tu, kisha hufa. Maadam umeme wa gridi upo, hakuna anayegundua kwamba betri imekufa, isipokuwa yule anayejali kuitazama taa moja ndogo ya onyo. Siku umeme unapokatika, na sote tunajua kwamba hukatika, kumbukumbu hufutika. Umeme unaporudi, mota ni nzima, nyaya ni nzima, kidhibiti chenyewe ni kizima, lakini hakikumbuki kazi yake.

Sasa fikirini kwamba kisa hicho kimetokea katika kiwanda cha chai msimu wa mvua, wakati majani ni mengi. Jani la chai likishachumwa halisubiri mtaalamu apande ndege. Ni lazima linyaushwe, lisagwe na likaushwe kwa saa zake, la sivyo huoza na kuwa takataka. Mkulima mdogo aliyeamka alfajiri katika baridi ya Mufindi kuchuma, na akaubeba mzigo wake mpaka kituo cha kupimia, ataambiwa kiwanda hakipokei. Hasara ya betri ambayo bei yake haifiki bei ya gunia la mbolea itakuwa imeingia katika sufuria la familia yake. Ndiyo maana tunasema kwamba suala hili si la mafundi peke yao.

Au tulitazame tanuri la saruji. Ndani yake joto hufikia nyuzi 1,450, na bomba lake kubwa la chuma ni lazima lizunguke muda wote. Likisimama likiwa la moto, chuma huanza kupinda kwa uzito wake lenyewe. Wahandisi huweka mota ya akiba ya kulizungusha polepole wakati wa dharura, lakini mota hiyo nayo huhitaji mtu au chombo cha kuiamrisha. Katika mtambo wa karatasi, maelfu ya lita za rojo la miti hupita katika wavu na kati ya mapipa mengi yanayozunguka, na mwendo wa kila pipa ni lazima uwiane na wa jirani yake. Ukitofautiana kidogo, karatasi hukatika. Akili ikilegea, mwili wote hulegea.

Magonjwa ya kompyuta hizi kuukuu yanajulikana, na mengi yana tiba. Mbali ya betri, viko vipuri vidogo viitwavyo kapasita ambavyo hukauka ndani yake baada ya miaka 10 au 20, hasa mahali penye joto. Liko vumbi la saruji na la mbao linaloziba matundu ya kupozea. Uko unyevu wa nyanda zetu za baridi, unaoingiza kutu katika viunganishi na ukungu katika disketi. Wako panya na wadudu wanaopenda makabati yenye joto. Uko pia umeme unaopanda na kushuka ghafla. Hakuna hata moja kati ya haya linaloshinda ufagio, kitambaa, ratiba ya ukaguzi na msimamizi asiyekubali kusaini daftari la zamu kabla ya kufungua kabati.

Lakini uko ugonjwa mmoja mkubwa kuliko yote, nao ni umoja. Hatuusemi umoja ule tunaousifu majukwaani. Tunausema umoja wa kuwa na kimoja tu cha kila kitu. Nakala ya programu ni moja, nayo imo katika disketi iliyotupwa mtoto wa meza. Kompyuta ya mkononi inayoweza kuzungumza na kidhibiti ni moja, ya zamani, yenye tundu la waya ambalo kompyuta za leo hazina tena. Waya wa kuunganishia ni mmoja. Na fundi anayejua mambo hayo yote ni mmoja, naye anastaafu mwakani. Kiwanda kinachosimama juu ya nguzo nne za namna hiyo kinasimama kwa rehema tu.

Wengi wetu tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tunakumbuka kwamba mwalimu hakuruhusu ubao ufutwe mpaka mtoto awe amehifadhi somo lake. Ubao uliofutwa mapema ulikuwa ni somo lililopotea. Kumbukumbu ya kidhibiti ni ubao wa namna hiyo. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakizungumzia biashara, lakini hakuna mahali ambapo msemo huo unatimia vizuri zaidi kuliko katika kabati la mitambo lisilokuwa na nakala wala maandishi.

Wako watakaosema: kwa nini tusitupe yote haya tukanunua mapya? Hatupingi vitu vipya. Iko siku ambapo kubadilisha ni lazima, na kiongozi mwenye busara huanza kuiwekea siku hiyo akiba mapema. Lakini kununua peke yake hakujawahi kuwa tiba, na Taifa letu lilijifunza hivyo kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka iliyofuata hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye kompyuta wakati wataalamu wetu wa kuisimamia kazi hiyo walikuwa wachache mno, ikatokea hasara na vurugu. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Tunaweza kubishana kama uamuzi ule ulikuwa sahihi, lakini chanzo chake hakina ubishi: mashine ilitangulia, watu wakaachwa nyuma.

Ulinganishe mfano huo na Reli ya TAZARA, inayokatiza katika mikoa yetu. Reli ile ya kilometa 1,860 ilipokuwa bado inajengwa, mwaka 1972, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea kazi za reli, ili siku ya kukabidhiwa, mwaka 1976, wawepo Waafrika wanaojua wanachokabidhiwa. Reli ile imepita katika shida nyingi, na hatukusudii kuzificha. Lakini mpango wa kuandaa watu pamoja na chuma ulikuwa mpango sahihi, na ndio tunaoutaka katika kila kiwanda kinachofikiria kubadilisha vidhibiti vyake.

Iko pia hatari ya tamaa ya usasa. Baadhi ya mameneja hupenda kuunganisha mitambo yao na intaneti ili waitazame kutoka ofisini. Jambo hilo lina faida likifanywa kwa uangalifu, lakini kompyuta kuukuu haina kinga dhidi ya virusi vya leo. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani kikipitia kompyuta za Windows ambazo hazikuwa zimezibwa matundu yake. Kilisimamisha baadhi ya viwanda vya magari vya Renault na kuvuruga hospitali za Uingereza. Mwaka 2018 aina ya kirusi hicho ilisimamisha viwanda vya kampuni ya TSMC ya Taiwan, ambayo ni bingwa wa dunia wa kutengeneza vipande vya kompyuta. Ikiwa mabingwa hao walijikwaa, sisi tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Kompyuta kuukuu ya mtambo itengwe na mtandao, wala isigeuzwe mahali pa kuchomeka vihifadhi vya muziki na picha za harusi.

Baada ya kusema hayo, tunapenda kutoa ushauri kwa viongozi wa viwanda, vya umma na vya watu binafsi.

Kwanza, kila kiwanda kifanye sensa ya akili zake. Iandikwe kila kabati lina kidhibiti gani, cha mwaka gani, betri yake ilibadilishwa lini, na nani anajua kukitengeneza. Nakala za programu zitolewe sasa, mtambo ukiwa mzima, na ziwekwe mahali pasipopungua pawili, moja nje ya kiwanda. Na nakala isiyojaribiwa isihesabiwe kuwa nakala.

Pili, maarifa yaandikwe, na yaandikwe kwa Kiswahili. Si ajabu kukuta vitabu vya mtambo vimeandikwa kwa lugha ya aliyeuuza, na fundi wa zamu ya usiku akakisia maana. Daftari moja safi lenye maelezo ya hitilafu na namna ilivyotibiwa, lililoandikwa na fundi mwenyewe kwa lugha anayoiota, lina thamani kuliko kabati zima la vitabu visivyosomeka.

Tatu, mafundi wakongwe wakabidhiwe vijana kabla hawajastaafu, siyo wiki moja kabla ya sherehe ya kuwaaga. Mbeya tunacho Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichotokana na chuo cha ufundi na kupata hadhi hiyo mwaka 2012. Vyuo vya VETA viko. SIDO ipo tangu mwaka 1973, na TIRDO iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda. Hatuoni sababu ya mwanafunzi wa umeme kumaliza masomo yake bila kushika kidhibiti kuukuu, wakati vyombo hivyo ndivyo atakavyovikuta kazini.

Nne, kabla ya kupeleka makabati ya zamani kwenye mnada wa chuma chakavu, mafundi waulizwe. Kadi iliyong'olewa katika mtambo uliokufa inaweza kuufufua mtambo ulio hai katika kiwanda cha jirani. Viwanda vya mikoa yetu vingeweza kuwa na orodha ya pamoja ya vipuri adimu, na kuazimana badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake katika masoko ya vitu vilivyotumika ng'ambo. Kadhalika, kiwanda kinapobadilisha mikono, orodha ya mali isiishie kwenye paa, viwanja na magari. Programu, michoro na maneno ya siri ya vidhibiti navyo ni mali, na vihesabiwe.

Tano, atakayenunua mtambo mpya aandike katika mkataba kwamba atapewa nakala ya programu, maneno ya siri na mafunzo ya kutosha. Mtambo ambao akili yake imefungwa kwa kufuli la muuzaji haujawa wako, hata kama umelipa senti ya mwisho.

Tunajua kwamba baadhi ya mafundi huyaficha maarifa yao wakihofia kwamba wakishayatoa watapoteza nafasi. Hofu hiyo haiondolewi kwa vitisho. Fundi anayeufanya mtambo wa miaka 40 uzalishe kila siku anaokoa fedha nyingi za kigeni, lakini mara nyingi mshahara wake ni mdogo kuliko wa karani anayehesabu karatasi za mtambo huo. Alipwe kwa ujuzi wake, na kufundisha vijana kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake yenye malipo. Anayeheshimiwa hana haja ya kuficha.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha neno kujitegemea, na wengi tulilielewa kuwa ni jembe na shamba. Kizazi chetu kimekuta kazi nyingine ya kulitimiza neno hilo. Kujitegemea leo ni pamoja na kujua kilichoandikwa ndani ya mashine inayotulisha. Kazi ya kwanza haihitaji mkopo wala mfadhili. Inahitaji meneja atakayeshuka kiwandani wiki hii, awaombe mafundi wamfungulie kabati, na aulize maswali mawili: betri hii ilibadilishwa lini, na nakala iko wapi? Asipopata jibu, ajue kwamba kazi imekwisha kumfikia.